Amani ya Kuhesabiana

Watu wengi hufikiri kwamba amani huja pale watu wanapoanza kupendana. Mimi nimefundisha shule wilayani Kasulu karibu maisha yangu yote ya kazi, si mbali na mpaka wa Burundi, na yale niliyoyaona na kuyasoma juu ya majirani zetu hao yamenifanya niamini jambo jingine. Kwa watu waliokwisha kuuana, upendo ni jambo la mwisho. Kabla yake kuna kazi nyingi ya kukaa, kubishana, kuhesabu, kuandika na kulindana. Katika kurasa hizi chache nakusudia kueleza jinsi Warundi walivyoifanya kazi hiyo, mahali walipofaulu na mahali walipokwama.

Sisi Waha na Warundi tunasikilizana bila mkalimani. Mrundi akikusalimu husema "Amahoro", maana yake amani. Wapo wanaoona kichekesho katika jambo hilo, kwamba watu wanaosalimiana kwa amani wameishi miaka mingi hivyo katika vita. Mimi sioni kichekesho. Mtu hutaja sana kile anachokitamani.

Kosa moja la kawaida ni kudhani kwamba Mhutu na Mtutsi wamepigana tangu dunia ilipoumbwa. Warundi wote wana lugha moja, wamekaa katika vilima vilevile, wameoleana, na kabla ya wakoloni walikuwa na Mwami mmoja. Waliotawala chini yake walikuwa Baganwa, watu wa ukoo wa kifalme, ambao hawakuhesabiwa kuwa Wahutu wala Watutsi wa kawaida. Palikuwa pia na wazee wa hekima walioitwa Bashingantahe, walioamua kesi za mashamba, ng'ombe na ndoa, na Mhutu aliweza kuwa mmoja wao kama Mtutsi. Sisemi kwamba ilikuwa pepo. Palikuwa na mabwana na watwana kama kwingineko. Lakini kitu kilichokuwa daraja la maisha hakikuwa bado uzio.

Mjerumani alikuja, kisha Mbelgiji akaichukua nchi mwaka 1916. Mbelgiji alitaka utawala wa gharama ndogo, akaupunguza uchifu na kuukabidhi kwa wachache. Kufikia katikati ya miaka ya 1940 hakubaki hata chifu mmoja Mhutu. Shule nzuri na kazi za ofisi zilifuata njia hiyohiyo. Hivyo uhuru ulipokaribia, swali la nani atatawala lilikuwa limekwisha kuvikwa nguo ya kabila.

Alikuwapo mtu ambaye angeweza kuivua nguo hiyo. Mwanamfalme Louis Rwagasore, kiongozi wa chama cha UPRONA, alikuwa mtoto wa Mwami, mke wake alikuwa Mhutu, na chama chake kilikuwa na watu wa pande zote. Alishinda uchaguzi wa Septemba 1961. Tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo alipigwa risasi akafa. Burundi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 ikiwa tayari yatima. Mwezi Januari 1965 Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe, Mhutu, naye akauawa. Mwaka 1966 Michel Micombero, ofisa wa jeshi, aliufuta ufalme na kujitangaza rais. Tangu hapo, kwa zaidi ya robo karne, rais wa nchi alitoka jeshini, na jeshi lilikuwa la Watutsi, hasa wa mkoa mmoja wa kusini, Bururi.

Mwaka 1972 ndio uliotufikia sisi. Mwezi Aprili uasi wa Wahutu ulizuka kusini, pande za Rumonge, na Watutsi wengi wakauawa. Serikali ilijibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima, na hasa waliosoma: walimu, makarani, wauguzi, wanafunzi, hata wa sekondari. Makadirio ya waliokufa ni kati ya laki moja na laki tatu. Warundi huuita msiba huo Ikiza. Waliookoka walikimbilia kwetu, Rwanda na Zaire, na Tanzania ikawapa ardhi Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kwa mwalimu kama mimi habari hii ina uchungu wa pekee. Nchi inayoua walimu wake haiui watu wa leo tu, bali pia kizazi ambacho hakitafundishwa. Na kila mzazi Mhutu aliyebaki alijifunza kwamba kumpeleka mtoto shule ni kumwandikisha katika orodha ya kifo. Hofu ya namna hiyo haifutwi na hotuba.

Kwa haki, lazima nitaje pia hofu ya upande wa pili. Mtutsi alitazama Rwanda ya mwaka 1959 na miaka iliyofuata, akaona jinsi wenzake walivyouawa na kufukuzwa wengi walipochukua utawala. Alikwisha sikia makadirio ya wakoloni, kwamba Wahutu ni kama asilimia 85, Watutsi 14 na Watwa 1. Katika hesabu hiyo, kura ya mtu mmoja mmoja ilikuwa kwake si demokrasia bali hukumu. Jeshi lilikuwa ukuta wake wa mwisho. Ndipo ugomvi ulipofungana: usalama wa huyu ulikuwa ndio hatari ya yule.

Mwezi Juni 1993 ilionekana kama fundo limefunguka. Rais Pierre Buyoya aliitisha uchaguzi wa vyama vingi, akashindwa, akakabidhi madaraka kwa amani. Melchior Ndadaye wa FRODEBU akawa rais wa kwanza Mhutu, na akamteua Bibi Sylvie Kinigi, Mtutsi wa UPRONA, kuwa Waziri Mkuu. Haikupita hata miezi minne. Tarehe 21 Oktoba 1993 askari walimuua Ndadaye. Vijijini Watutsi wengi wakauawa kwa kisasi, jeshi nalo likawaua Wahutu, na vita ikaanza. Rais aliyefuata, Cyprien Ntaryamira, alikufa tarehe 6 Aprili 1994 katika ndege moja na Rais Habyarimana wa Rwanda, wakirudi kutoka mkutanoni Dar es Salaam.

Hapa inafaa kusimama kidogo na kuuliza: kilichokosekana mwaka 1993 ni nini? Uchaguzi ulikuwa halali. Baraza la mawaziri lilikuwa mchanganyiko. Mshindi alikuwa na busara, na aliyeshindwa aliondoka bila vurugu. Kilichokosekana kilikuwa kambini. Ndadaye alipewa ikulu, hakupewa bunduki zilizoilinda.

Mwalimu Nyerere alianza kusuluhisha mwaka 1996, na mazungumzo ya kwanza yalifanyika Mwanza. Mwezi Julai mwaka huo Buyoya alirudi madarakani kwa mapinduzi ya kijeshi, na viongozi wa nchi za jirani wakakutana Arusha kuiwekea Burundi vikwazo vya uchumi. Mkoani kwetu vikwazo hivyo havikuwa habari ya redioni. Bandari ya Kigoma ilikuwa mlango wa mizigo ya Bujumbura, na chumvi ya Uvinza imeuzwa ng'ambo ya mpaka tangu enzi za mababu. Makuli walikaa bila kazi, na wenye mitumbwi wakajua njia za usiku. Palikuwa na ubishi mkali vijiweni kama vikwazo vinamwadhibu mtawala au mlaji wa sukari. Nadhani vilifanya yote mawili. Vilimwumiza maskini, na pia vilimfanya Buyoya aone kuwa utawala wa bunduki peke yake hauwezi kupita mipaka ya nchi ndogo isiyo na bahari. Vilisimamishwa Januari 1999, mazungumzo ya Arusha yalipokuwa yamekwisha anza tangu Juni 1998.

Kilichonivutia katika mazungumzo yale ni namna kazi ilivyogawanywa. Ziliundwa kamati tano: asili ya mgogoro, demokrasia na utawala bora, amani na usalama, ujenzi mpya na maendeleo, na dhamana za utekelezaji. Kamati ya kwanza iliongozwa na Armando Guebuza wa Msumbiji, ambaye baadaye alikuwa rais wa nchi yake. Kamati ya usalama ilikuwa chini ya padre wa Kiitalia, Matteo Zuppi, ambaye sasa ni kardinali. Wawili hao walikwisha kukutana kabla, katika mazungumzo ya Roma yaliyomaliza vita ya Msumbiji mwaka 1992. Guebuza alikuwa upande wa serikali na Zuppi alikuwa miongoni mwa wasuluhishi. Aliyewahi kusuluhishwa alikuja kusuluhisha wengine. Hayo ni maarifa yasiyopatikana chuoni.

Kamati ya kwanza ndiyo wengi waliidharau, wakisema ni ya kupiga soga za historia. Kumbe huko ndiko jiwe la msingi lilikowekwa. Pande zote zilikubali kuandika kwamba mgogoro wa Burundi kimsingi ni wa kisiasa, wenye sura nzito ya kikabila, na kwamba ulitokana na tabaka la wanasiasa kugombea kuingia madarakani au kung'ang'ania humo. Maneno machache, lakini pima uzito wake. Kama ugomvi ni wa damu, hauna dawa ila kutengana au kuangamizana. Kama ni wa madaraka, basi madaraka yanaweza kugawanywa.

Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, kazi ikiwa katikati. Baadhi ya Watutsi hawakuwa wamemwamini. Walimwona kama mtu mwenye upande. Mzee Nelson Mandela alipokabidhiwa kazi hiyo Desemba mwaka huo alikuja na mtindo mwingine. Mwalimu alikuwa fundi wa kusubiri, akiwaacha watu waseme mpaka waishiwe. Mandela aliwakemea viongozi hadharani kwa kuwaacha raia wafe. Alikwenda gereza la Mpimba mjini Bujumbura kuwaona wafungwa, na alishikilia kwamba kambi ambamo serikali ilikuwa imewakusanya kwa nguvu mamia ya maelfu ya wanavijiji zivunjwe. Naamini mmoja bila mwenzake asingefaulu. Makaripio yangekuja mapema watu wangetawanyika, na subira ingezidi wangezeeka mezani.

Mkataba ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, Rais Clinton wa Marekani akiwapo. Vyama vichache vya Watutsi havikusaini siku ile, vikaja kusaini baadaye. Jambo baya zaidi ni kwamba makundi mawili yaliyokuwa yakipigana kweli msituni, CNDD-FDD na Palipehutu-FNL, hayakuwamo. Ilikuwa amani bila kusimamisha risasi.

Karibu na shule yetu palikuwa na mzee mmoja, mkimbizi wa mwaka 1972, aliyekuwa akitengeneza baiskeli. Juma lile nilimwuliza, "Mzee, sasa mtarudi kwenu?" Aliendelea kukaza spoki, kisha akasema, "Mwalimu, karatasi ni njema. Lakini askari atakayelala kwenye kilima chetu atakuwa mtoto wa nani?"

Sijasoma kitabu kilichouliza swali la Burundi kwa ufupi kuliko hivyo. Na mkataba, kwa bahati, ulikuwa na jibu. Uliandika kwamba katika jeshi hakuna kabila litakalozidi asilimia 50. Mtutsi aliyekuwa akishika jeshi lote alipunguziwa, lakini hakuvuliwa. Alibakiziwa nusu, zaidi mara kadhaa ya idadi yake nchini, kwa sababu hofu yake ilihesabiwa kama hofu ya kweli. Mhutu naye alipata watoto wake kambini, asiwe tena mtu wa kulindwa na wale aliowaogopa.

Hesabu ziliendelea hivyo katika Katiba iliyopigiwa kura Februari 2005. Bunge: Wahutu asilimia 60, Watutsi 40, wanawake wasiopungua 30, na Watwa watatu. Seneti: nusu kwa nusu, pamoja na Watwa watatu. Baraza la mawaziri: Wahutu wasizidi 60, Watutsi wasizidi 40. Katika orodha za wagombea, kila majina matatu yanayofuatana, mawili tu yaweza kuwa ya kabila moja. Kanuni hii ndogo ndiyo niipendayo kuliko zote. Ililazimisha kila chama, hata kile kilichozaliwa msituni kwa ajili ya Wahutu, kwenda kutafuta Watutsi wa kugombea kwa jina lake, na kinyume chake. Mtu anayehitaji kura za jirani yake hulazimika kwanza kumjulia hali.

Kati ya saini na katiba kulikuwa na kipindi cha mpito cha miezi 36 tangu Novemba 2001. Buyoya aliongoza miezi 18, Mtutsi na makamu wake Mhutu. Aprili 2003 akampisha Domitien Ndayizeye, Mhutu na makamu wake Mtutsi. Wengi walisema Buyoya hatatoka. Alitoka. CNDD-FDD iliingia katika makubaliano mwaka 2003, Pretoria na kisha Dar es Salaam, askari wa Umoja wa Afrika wakiwapo kusimamia. FNL ilisaini Dar es Salaam Septemba 2006, na mambo yake yakakamilika mwaka 2009. Agosti 2005 Pierre Nkurunziza wa CNDD-FDD, aliyekuwa mpiganaji wa msituni, aliapishwa rais. Wapiganaji wake na wale waliokuwa wakiwasaka waliingia jeshi moja, wakalala kambi moja. Yule mzee wa baiskeli alirudi kwao.

Wapo wasomi wanaolaumu mpango huu. Husema kuhesabu makabila ni kuyaimarisha, na kwamba Rwanda imechagua njia bora ya kukataza kuyataja. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mimi hutazama yaliyotokea. Mwezi Aprili 2015 Nkurunziza aliteuliwa kugombea muhula wa tatu. Mkataba wa Arusha ulisema mtu asizidi mihula miwili; wafuasi wake walidai ule wa kwanza, ambao alichaguliwa na Bunge, hauhesabiki. Watu wakajaa mitaani Bujumbura, na Mei 13, rais akiwa mkutanoni Dar es Salaam, Jenerali Godefroid Niyombare akatangaza mapinduzi yaliyoshindwa. Mamia waliuawa katika miezi iliyofuata, na zaidi ya watu laki nne wakaikimbia nchi. Kambi ya Nyarugusu, hapa wilayani kwetu, ikafurika tena, na zile za Nduta na Mtendeli zikafunguliwa.

Lakini tazama kwa makini. Niyombare alikuwa Mhutu, tena wa chama kilekile cha rais. Walioandamana walikuwa Wahutu na Watutsi. Jeshi lilipopasuka, halikupasuka kwa kabila; kila upande ulikuwa na wote wawili. Jaribio la kuigeuza vita hiyo kuwa ya kikabila halikukosekana, ila moto haukushika kama mwaka 1993. Hapo ndipo nilipoona kazi ya zile asilimia. Hazikuzuia uroho wa madaraka, lakini ziliuondolea kuni zake kubwa.

Zilipokwama ni mahali pawili. Kwanza ni ardhi na ukweli. Waliorudi kutoka Tanzania walikuta mashamba yao ya mwaka 1972 pande za Rumonge na Makamba yana wenyewe wapya, wengine wakiwa wameyapata kwa karatasi za serikali. Tume ya ardhi ya mwaka 2006 ilipatanisha wengi na kuwagombanisha wengine. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyoahidiwa Arusha, ilianza mwaka 2014. Mwezi Februari 2020 ilitangaza kwamba imefukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 mkoani Karusi. Mwaka 2021 ikatamka kuwa mauaji ya Wahutu ya mwaka 1972 yalikuwa mauaji ya kimbari. Waliofiwa 1972 walistahili kusikia hivyo miaka mingi kabla. Lakini waliofiwa mwaka 1993 nao wana makaburi, na tume inayosikia kilio cha nyumba moja tu huiacha nyingine ikiwa macho usiku.

Pili ni dhamana. Mkataba ulihesabu vizuri makabila, haukuweza kumhesabu mtu mmoja anayekataa kuondoka. Wadhamini walikuwa ni sisi majirani, na tulipohitajika mwaka 2015 tulikutana, tukashauri, tukaahirisha. Mzee Benjamin Mkapa aliombwa kusuluhisha mwaka 2016, lakini serikali na wapinzani wake waliokimbilia nje hawakukaa meza moja. Katiba ikabadilishwa kwa kura ya Mei 2018: muhula wa rais ukawa wa miaka saba, na sheria zilizohitaji theluthi mbili za Bunge zikahitaji wingi tu. Mgao wa makabila ulibaki, ila Seneti ilipewa miaka mitano kutathmini kama uendelee au ukome. Nkurunziza alifariki Juni 2020, na Évariste Ndayishimiye wa chama kilekile akamrithi.

Ndugu msomaji, huenda utaniuliza kama ni heshima kwa binadamu kuhesabiwa kama magunia, sitini huku, arobaini kule. Si heshima kubwa. Lakini nimewafundisha watoto ambao baba zao hawakuhesabiwa kabisa, wala walipokuwa hai wala walipokufa, na najua tofauti yake. Gongo la kutembelea nalo si mguu. Anayelitumia hutamani siku ya kulitupa, na siku hiyo huijua yeye kwa kukanyaga mwenyewe. Haipangwi na aliye madarakani kwa sababu gongo linampigia kelele sakafuni. Ikiwa siku moja Warundi wataacha kuhesabiana kwa sababu hakuna tena anayejali kuhesabu, Arusha itakuwa imemaliza kazi. Wakiacha kwa sababu mmoja amechoka kumpa mwenzake fungu lake, basi swali la yule mzee litarudi kilimani, na safari hii sijui kama kutakuwa na wa kulijibu.